Mpishi Aliyekosa Kivuli

Mpishi wa karakana ya useremala hakuwahi kuchelewesha chakula cha mtu mpaka alipohamia kwenye ukungu. Kule mji wa joto alikopika miaka ishirini, saa yake ilikuwa kivuli cha nguzo ya baraza. Kikigusa kizingiti, anaosha mchele. Kikifika kwenye ufa wa sakafu, anapakua. Hakusoma, wala hakuona alichopungukiwa. Jua halikuwahi kumwomba cheti.

Nyumba yenye nguzo ile haikuwa yake tena. Jioni moja mumewe alimletea karatasi, akasema ni ya kuvutia umeme. Akamshika kidole gumba kwa upole ambao hakuuonyesha tangu siku ya harusi, akakichovya kwenye wino. Umeme haukuja. Aliyekuja ni mnunuzi, na mashahidi wawili nyuma yake. Mume akaenda kuanza maisha na mwanamke ambaye meno yake yote yalikuwa bado kinywani. Wapo wanaume ambao wakikushika mkono, ni vizuri baadaye uhesabu vidole.

Alijibanza miezi minne kwa kaka yake, ukuta kwa ukuta na nyumba aliyoijenga mwenyewe, akitazama nguo za watu wengine zikikauka kwenye kamba yake. Ndipo mtoto wa mdogo wake, karani wa karakana huko milimani, akamwita.

"Mama mkubwa, njoo. Wanatafuta mpishi, na nyuma ya jiko kuna chumba."

Akaja na sufuria mbili, mwiko na magauni matatu mepesi. Ukungu ulikuwa ukiingia ndani bila hodi, kama shemeji. Asubuhi chumvi imeshikana koponi kama jiwe. Kibiriti unakikwangua mpaka ubavu unachubuka. Gauni alilofua Jumamosi halikukauka hata kufikia katikati ya wiki. Alipolivaa lilinuka ndoo. Moshi wa kuni ulikataa kupanda, ukakaa naye jikoni. Hayo yote aliyavumilia. Kilichomshinda ni kivuli. Asubuhi ilikuwa nyeupe, mchana mweupe, jioni nyeupe, kisha giza ghafla, kama mtu kafunika chungu.

Jumatatu, siku yake ya kwanza kazini, mlinzi alipogonga chuma cha reli kilichoning'inia getini kutangaza saa saba, saa ya chakula, mchele ulikuwa ndiyo kwanza unachemka. Watu ishirini na wawili wakajipanga mlangoni na sahani zao.

"Mama, leo tunakula au tunanusa?" akauliza fundi wa randa.

Msimamizi, mtu mfupi mwenye penseli sikioni, akasema kila mgeni ana siku yake ya kwanza.

Jumanne mpishi akaamua kuitazama saa ya ukutani, ile ya ofisini, kupitia dirishani. Namba alizijua, hakuna muuza chakula asiyezijua. Mshale mfupi ulikuwa umefika kwenye kumi na mbili. Akaitafuta saba, akaikuta iko mbali, kule chini upande wa kushoto. Nafasi tele. Akarudi akachambua mchele punje kwa punje, akafagia chumba chake, akakaa kwenye kigoda akachana nywele. Ile anamaliza kusuka msuko wa pili, chuma kikalia. Akakimbilia dirishani, akaukuta mshale mfupi kwenye moja.

"Bi Chelewa!" wakaimba mafundi mlangoni. "Bi Chelewa, tukuazime jogoo?"

Safari hii msimamizi hakuwa na neno la mgeni. "Mama, watu hawa wanainua magogo. Ijumaa saa saba nisipoona chakula mezani, Jumatatu nitaleta mwingine. Sina ubaya na wewe."

Wasio na ubaya mpishi aliwajua. Ndio hao wanaokutoa nje kwa salamu.

Jumatano, kwa hofu, akapika tangu kunapambazuka. Chuma kilipolia wali ulikuwa umepoa na kugandamana. Fundi wa randa aliipindua sahani yake kichwa chini, na wali haukuanguka. Karakana nzima ikashangilia.

Jioni ile karani akamfuata chumbani.

"Mama mkubwa, nimekutetea mpaka ulimi umeota sugu. Una nini?"

"Ukungu."

"Ukungu ndio unaopika?"

Angeweza kusema pale pale kwamba hajui kusoma saa. Mtoto yule alikuwa damu yake. Lakini mara ya mwisho alipomwachia mtu wa nyumbani amsomee kitu, alilala kwake akaamkia kwa kaka yake. Akasema amechoka, akazima taa. Usiku kucha aliiona ile kamba ya nguo.

Alhamisi asubuhi akamwendea mlinzi. Mlinzi huyo walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia.

"Ile saa yenu mbovu," akamwambia.

"Mbovu vipi, dada?"

"Juzi umegonga chuma saa moja. Nilikwenda kuitazama kwa macho yangu. Mshale mdogo kwenye moja."

Redio alicheka mpaka kofia ikamtoka. Alipoiokota na kuikung'uta, akamtazama vizuri, akaacha kucheka.

"Dada, ile inasomwa ng'ambo. Mshale mdogo ukiwa kwenye moja, wewe vuka upande wa pili, utaikuta saba. Ukiwa kwenye kumi na mbili, vuka, ni saa sita. Siku zote unavuka."

"Kwa nini wasiandike saba pale pale?"

"Waulize walioitengeneza. Mimi nimeajiriwa kugonga chuma."

"Kwa hiyo imeandikwa hivi, maana yake vile."

"Ndiyo hivyo."

"Kama karatasi."

Redio hakujua ni karatasi gani, akairudisha kofia kichwani.

Mpishi hakumwamini. Akaenda dirishani. Mshale mdogo ulikuwa kwenye kumi na moja; akavuka kwa kidole hewani, akaangukia tano. Akamwendea mnoa misumeno nyuma ya ghala.

"Baba, saa ngapi?"

"Saa tano."

Akaingia ofisini. "Saa ngapi, mwanangu?"

"Saa tano na dakika mbili, mama mkubwa. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Akaosha mchele. Kwa kule kuzunguka akiuliza, siku hiyo chakula kilichelewa kidogo, watu wakala na kunung'unika nusu. Mchana akavuka tena, akamuuliza dereva wa lori. Kisha fundi wa rangi. Kisha mteja aliyekuja kuchukua kabati, ambaye hakumjua mtu pale ndani. Wote walijibu sawa na kidole chake. Kuuza nyumba ya mtu walitosha mashahidi wawili. Kumdanganya saa ingebidi wakubaliane karakana nzima pamoja na mwenye kabati, na mafundi wale hawakuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi.

Ijumaa ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka jikoni hakuiona ofisi. Alikwenda dirishani mara sita, akibandika uso kwenye kioo mpaka karani akamfungulia. Mshale mdogo ulipofika kumi na moja akaosha mchele. Ulipogusa kumi na mbili maharage yalikuwa yameungwa. Chuma kilipolia, sahani ishirini na mbili zilikuwa mezani zikitoa mvuke, na yeye amesimama mlangoni na mwiko.

Hakuna aliyeimba. Fundi wa randa akajaza mdomo.

Msimamizi alikula mpaka akafuta sahani kwa kidole. Akatoa penseli sikioni, akaandika kitu kwenye kipande cha ubao.

"Jumatatu pika kwa watu ishirini na wanne. Kuna vibarua wawili wapya."

"Umeandika nini hapo?" akauliza mpishi.

"Ishirini na nne."

Akaukamata ubao, akautazama mpaka akaridhika, akaurudisha. "Sawa."

Redio akaja wa mwisho, akanyoosha sahani. "Na mwalimu hapati ukoko?"

"Mwalimu nani? Wewe ulikuwa shahidi wa kwanza tu." Akamkwangulia ukoko, kipande kikubwa. "Kula upesi. Saa nane ya kurudi kazini imekaribia, na watu wanakutegemea."