Kwa nini mashine yetu ya gemu iligoma kuuzika Toronto, na kitambaa cha Mama Rehema

Wakuu, salaam kwa wote, hasa nyie mnaosoma jamvi ofisini huku mmefungua Excel kwa nyuma.

Kuna uzi humu wa jamaa anayelalamika kwamba ameleta bidhaa nzuri, watu wanaisifia, lakini hawanunui. Nilitaka kumjibu palepale kwa mistari miwili nikaona haitatosha. Haya yalinipata mwenyewe na sitaongeza chumvi. Jina la kampuni nitalimeza, na majina ya watu nimeyabadilisha.

Ilikuwa miaka ile ya mwishoni mwa elfu mbili na kitu, simu za kubonyeza bado zina heshima yake. Nilikuwa naishi Thorncliffe Park, Toronto, kwenye ghorofa ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Kazini kwangu ni Markham, nje kidogo ya Toronto. Wanaoijua Markham wanajua kwamba bila gari wewe ni mtu wa kusimama kituoni tu na pua inayochuruzika.

Kampuni yenyewe ilitoka Asia, inatengeneza mashine ya gemu. Nitaiita Kijivu, kwa rangi yake. Kwao Kijivu iliuzwa kama njugu. Wakafungua kiofisi Markham ili waiuze Canada, na mimi nikaajiriwa customer care, kupokea simu za wateja ambao mashine zao zimezingua.

Shida ni kwamba simu hazikuja.

Mwanzoni tulijisifu kwamba tumetengeneza kitu kisichoharibika. Baadaye ndiyo tukaelewa kuwa hakuna aliyenunua.

Sasa nielezeni nani angetulia hapo. Kibali changu cha kazi kilikuwa kimefungwa na kampuni ile ile. Ofisi ikifa, kibali nacho kinakufa. Na mke wangu Neema, mwalimu wa sekondari Dodoma, alikuwa ameshapata viza na anajiandaa kuacha kazi ya serikali anifuate. Wenye ndugu walimu mnajua, kazi ile ukishatoka, kurudi ni shughuli nyingine.

Kila nikimpigia nilimwambia maneno yale yale. "Huku kila kitu shwari, mke wangu. Wewe jiandae tu."

Haikuwa shwari. Nikikaa kwenye kiti, mguu unacheza wenyewe. Nikitoka kazini napitia duka la vifaa vya umeme kuangalia kama kuna boksi la Kijivu lililoondoka kwenye rafu. Hayaondoki. Mlinzi wa duka akaanza kunifuata kwa macho, akidhani nataka kuiba kitu ambacho hata bure watu walikuwa hawakitaki.

Boss wangu alikuwa mama mmoja Mkanada, Marianne. Mchapakazi, mtu mzuri, na mwenye matumaini ya kutisha. Kila kikao alikuja na sababu mpya ya kwa nini Kijivu haiuziki. Ni bei. Bei ikashushwa. Ni boksi. Boksi likabadilishwa rangi. Ni tangazo. Tangazo likarudiwa, na mtoto mwingine akicheka kuliko yule wa kwanza. Hakuna kitu.

Siku moja akaniita. Akasema wewe Festo unakaa kwenye maghorofa yenye watoto wengi, familia za wageni. Wapelekee mashine, waachie wacheze kwa muda, kisha rudi kwao ulete majibu na picha.

Nikavaa tai nikaanza mizunguko.

Mtaa wa St. James Town kulikuwa na Mkenya mmoja na wadogo zake. Niliporudi akaniambia, "Iko fiti sana bro, tutaicheki." Nyumba ya Mkongo nikapewa samaki na sifa, "C'est bon, ndugu, tunashukuru sana." Kila nyumba chai, kila nyumba sifa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza mashine inapatikana duka gani. Hilo la duka sikuliona siku ile, nimekuja kulifikiria baadaye.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Rehema, jirani yangu wa ghorofa za juu, mtu wa Tanga, anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Ana watoto watatu, mkubwa ndiye huyo Rehema, binti wa kama miaka kumi na miwili.

Nikagonga, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu ndani. Nikaangalia kwenye TV, mashine haipo.

Kijivu ilikuwa juu ya kabati, safi kabisa, waya zimekunjwa vizuri, na imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe kwa mkono, na maua pembeni.

Wakuu, Mtanzania yeyote hapa ameshaelewa. Kwetu kitambaa kinafunika redio ya sebuleni, sahani za wageni, viti ambavyo watoto wamekatazwa kukalia. Kitu kinachotumika kila siku hakipati kitambaa. Nani aliwahi kufumia sufuria ya ugali?

"Mashine nzuri sana, mwanangu," Mama Rehema akasema. "Watoto wameipenda. Inshallah tutanunua."

Nikamgeukia Rehema nikamuuliza kwa Kiswahili, watoto wa kule wanakisikia vizuri ila wanakujibu Kiingereza. Akamtazama mama yake kwanza. "It's nice, uncle." Basi.

Nikapiga picha kwa sababu ndicho nilichotumwa. Nikanywa chai na sambusa, nikashuka kwa ngazi roho inaniuma.

Marianne alipoiona picha alishika kifua. Akasema wameishonea nguo. Akasema tangu aanze kazi ya mauzo hajaona mteja aliyependa bidhaa kiasi cha kuifumia nguo kwa mkono wake.

Na wakati huo wakubwa wa makao makuu walikuwa njiani kuja kuamua mambo mawili: ama walete shehena kubwa ya Krismasi, ama wafunge ofisi. Marianne akaiweka picha ile mbele kabisa kwenye presentation.

Nilitaka kusema, mdomo ukawa mzito. Shehena ikija ofisi inabaki. Ofisi ikibaki, kibali kinabaki na Neema anakuja. Mimi ni nani nizuie yote hayo kwa ajili ya kitambaa?

(Naona mdau ameshauliza hapo chini kama mashine ilikuwa feki. Hapana mkuu, picha zake zilikuwa kali, haipati moto, haigomi. Ndiyo maana ilituumiza kichwa. Kitu kibovu unajua pa kuanzia.)

Ile wiki kabla ya wakubwa kufika sikutulia kabisa. Nilikuwa naosha vyombo vilivyo safi. Jumamosi nikatoka kutembea tu bila sababu, na niliporudi nikamkuta Mama Rehema mlangoni kwa chini, amesimama na mfuko mkubwa wa mchele na mazagazaga mengine, lifti imegoma tena. Nikambebea.

Tulipofika juu sote tulikuwa hoi. Hakunipeleka sebuleni. Alinivuta jikoni, akanipa kisu na kilima cha vitunguu. "Nisaidie hivyo, mimi niinjike wali."

Ukishapewa vitunguu ukate, jueni ugeni umekwisha.

Sebuleni kulikuwa na kelele kama za harusi. Nikachungulia. Watoto wa jirani wamejaa hadi kwenye zulia, wanacheza mashine nyingine ya zamani iliyopasuka kona na kubandikwa plasta. Sheria ni ile ile ya vibanda vya gemu vya nyumbani: ukifungwa unapisha. Mmoja anafungwa, anaguna, anatoa pedi, mwingine anashika hata kabla hajakaa. Hakuna aliyeuliza jina la mtu.

Nikamuuliza, "Mama, na ile niliyoleta mbona hawaichezi?"

Akanitazama kwanza, na mimi nina machozi ya vitunguu.

"Ile mashine yako ina choyo, mwanangu."

Akaendelea huku anaosha mchele. "Akija mtoto wa watu inamuuliza jina, inamuuliza barua pepe, inataka na mzazi wake akubali. Mzazi wake yuko kazini, atakubali saa ngapi? Basi mtoto anakaa pale anamtazama mwenzake anacheza. Mimi nyumbani kwangu mgeni hakai kutazama wenyeji wanakula. Nikaona bora niifunike isije ikaniaibisha."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ulikuja umevaa tai, una kamera, umekaa kwenye kochi kubwa. Ningekuambia nini mbele ya chai?"

Nikaendelea kukata vitunguu. Mambo yakaanza kukaa sawa kichwani. Kijivu ilitengenezwa kwa mtoto mwenye chumba chake na mlango wake: pedi moja, akaunti moja, mchezo unakumbuka mtu mmoja. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kuu. Toronto watoto wanacheza wakiwa kundi. Hata kule Markham kwenye nyumba kubwa za kujitegemea, mtoto wa Marianne mwenyewe alikuwa anashinda kwenye chumba cha chini nyumbani kwa rafiki yake, na Kijivu ya bure kutoka kazini kwa mama yake iko kwenye boksi. Bei tulishusha bure. Boksi tulipaka rangi bure.

Siku ya kikao ikafika. Wakubwa wawili, mmoja wa makamo na mwingine mtu mzima, mkimya. Marianne akawasha projekta, kitambaa cha Mama Rehema kikatokea ukutani, kikubwa kama shuka.

Yule mtu mzima aliitazama picha muda mrefu. Akauliza nani aliyepiga. Marianne akanionyesha kwa furaha kabisa.

Akaniuliza, "Kitambaa hiki maana yake wanaipenda?"

Marianne ananitazama anatabasamu. Namwona Neema na mabegi yake. Naapa nilikuwa nimeshaandaa neno "ndiyo", liko kwenye ulimi kabisa.

Lakini yule mzee aliuliza kwa namna ya mtu ambaye hata kwao kuna vitu vinavyofunikwa. Nikashindwa.

Nikamwambia hiyo ni heshima. Kwetu kitu kikifunikwa hivi, watu hawakitumii. Akauliza, wanatumia nini? Nikamweleza yote, mashine ya plasta, ukifungwa unapisha, mtoto wa jirani anayebaki kutazama. Neno choyo nililikosa kwa Kiingereza, nikasema tu mashine yetu haijui kupokea wageni.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Marianne akazima projekta bila kunitazama.

Shehena ilifutwa siku ile ile. Kila mtu pale ofisini alijua kinachofuata.

Mchana nikatoka hadi maegesho ya magari, nikakwangua kadi ya simu kwa funguo, nikapiga. Dodoma ilikuwa jioni.

"Neema, huku hakuko shwari. Hakujakuwa shwari muda mrefu. Ofisi inafungwa na kibali changu sijui kitaishia wapi. Usiache kazi."

Nikamsikia anafunga mlango upande wa pili.

"Kazi sijaacha," akasema.

Nikamuuliza kwa nini, wakati kila siku nilimwambia ajiandae.

"Festo, wewe ukiwa mzima unalalamika. Baridi, mabasi, chakula hakina ladha. Tangu ulipoanza kuniambia kila kitu shwari nikajua kuna jambo. Unaongea na mimi kama nimekuja kwako kutembea. Nikasema nitasubiri mpaka mume wangu arudi kwenye simu."

Nililia wakuu, katikati ya magari ya watu. Niliona aibu na nilifarijika kwa pamoja, na sijui kipi kilizidi.

Ofisi ilifungwa. Marianne alininunia kwa muda, na nilimwelewa, maana na yeye alikosa kazi. Lakini ni yeye huyo huyo aliyekuja kunipigia kunielekeza kampuni nyingine iliyokuwa inatafuta mtu. Kibali kikabadilishwa kwa mbinde. Taratibu za Neema zikaanza upya, safari hii aliomba likizo bila malipo, kazi hakuiacha.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wetu wakikusifia sana na wakakupa chai nzuri, bado hujauza. Ngoja siku watakapokusema. Ukisikia "hiki kitu chako kina shida hii na hii", mshukuru huyo mtu, amekuhesabu wa nyumbani. Na usiwape wa nyumbani kwako maneno ya wageni, wanayajua.

Neema alipofika Toronto mwaka uliofuata, nilikuwa nimesafisha nyumba siku nzima. Akaingia, akazunguka na koti lake, akafungua jokofu, akagusa pazia.

"Festo, nyumba ndogo. Na hili zulia linanuka."

Nikasimama mlangoni na mabegi yake nacheka kama mwehu. Tangu nifike nchi ile sikuwa nimesikia maneno matamu kama hayo.

Mliowahi kuwauzia watu wetu chochote huko ughaibuni, shusheni uzoefu wenu hapa: mlijuaje sifa ipi ni ya kweli? Na anayeona nimekosea aseme wazi, hao ndio nitawajibu wa kwanza.