Nilimtuma mpinzani wangu behewa la nyuma, nikaishia njia ya Kamina

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo wote marahaba kabla hamjanisalimia.

Niko nyumbani Kolwezi, mvua imekata barabara, malori yangu yamelala. Nimeona leo nitubu hadharani. Sitatia chumvi, kwa sababu mwenzangu katika kisa hiki yuko hai na anajua kusoma.

Kiswahili chetu cha huku kwenye shaba mnakijua. Nitajitahidi kuandika cha kueleweka, ila watu nitawaacha waongee walivyoongea.

Twende.

Enzi hizo nchi inaitwa Zaïre. Tai ni marufuku. Nguo ya heshima ni abacost, lile koti lenye kola ya kufunga hadi shingoni. Hata polisi akikukamata anakuita "citoyen" kwanza, yaani raia.

Nilikuwa nimemaliza mwaka wa kwanza chuo kikuu Lubumbashi, sayansi. Matokeo yakatoka: watu wawili wa Kolwezi tumelingana juu kabisa. Mimi Kitenge, na binti mmoja anaitwa Numbi.

Sasa kulikuwa na bourse moja ya heshima, ya wale vichwa wa mwaka. Ukiipata unasomeshwa hadi mwisho, chumba peke yako, chakula, vitabu, kila kitu.

Moja tu wakuu. Sita tuliitwa kwenye mtihani wa mdomo mbele ya maprofesa, Jumatatu saa mbili asubuhi. Ila wote tulijua vita ni ya Numbi na mimi.

Niwaambie kwa nini niliitaka vile.

Baba yangu alikuwa na lori moja na watoto tisa. Ni watu wa Kasongo sisi, Waislamu, biashara na usafirishaji toka kwa babu. Likizo ile baba alinikalisha chini akasema mwaka wa pili hawezi. Ukishinda, endelea. Ukishindwa, rudi upakie magunia ya unga na mimi.

Hakusema kwa ubaya. Mgongo wake ulikuwa umekwisha, na mimi ndiye mkubwa.

Numbi yeye ni wa familia ya Kikatoliki iliyotoka kaskazini mwa Katanga. Baba yake karani wa mgodi, nyumba ya kampuni pale Dilala. Msichana mpole, anaongea polepole, hacheki ovyo. Nikamuona mtu rahisi.

(Mkuu, ukimuona mtu mpole ukadhani ni rahisi, jikague mara mbili.)

Jumamosi tukakutana stesheni ya Kolwezi. Ndiyo mara yake ya kwanza kusafiri kwa treni peke yake, siku zote alikwenda na gari la kazini kwa baba yake.

Hapo shetani akaniamsha.

Treni yetu ilikuwa na tabia moja. Ikifika Tenke, pale reli zinapoachana, inakatwa vipande viwili. Mabehewa mengine yanashuka Lubumbashi, mengine yanapanda kaskazini, Kamina. Ukikaa pasipo pako, shauri yako.

Mjomba wangu alifanya kazi ya breki kwenye treni hizo miaka mingi. Tangu mdogo alinifundisha: "Mbele ni Lubumbashi, nyuma ni Kamina." Niliijua kama sura ya kwanza ya Kurani.

Ndiyo, kila behewa lilitundikwa kibao pembeni ya mlango kuonyesha linakoenda. Lakini mimi mpwa wa mtu wa reli nisome kibao? Kwetu kibao ni cha wageni.

Nikapanda behewa la mbele kifua nje. Numbi akanifuata, akakaa mkabala nami. Treni ikaondoka, tukatafuna karanga zake mpaka nikaona wakati umefika.

"Numbi, kule wagon ya nyuma kuko nafasi mingi. Utasoma muzuri. Huku batoto banapiga makelele."

Akaniangalia kidogo.

"Na weye utabakia na makelele?"

"Mi nimezoea."

Treni iliposimama stesheni ndogo njiani, nikambebea na kikapu chake mpaka chini. Muungwana kabisa! Akaenda mpaka kwenye ngazi ya behewa la nyuma, akasimama, akainamia kikapu kidogo, kisha akarudi mbio na daftari mkononi.

"Chukua hii kaye yangu. Ile chapitre ya joto, najua inakusumbuaka. Mi nishaiweka mu kichwa. Soma polepole, usirukeruke."

Wakuu, roho iliniuma. Naongea ukweli. Mtu namtuma Kamina, yeye ananipa daftari lake.

Iliniuma kama dakika tano hivi. Nikakumbuka magunia ya unga, ikapoa.

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Maandishi yake yalikuwa safi, michoro imepigwa rula, maelezo yanaingia kichwani yenyewe. Mambo ya joto niliyokuwa nayaogopa mwaka mzima nikaanza kuyapenda. Sikuinua kichwa. Tenke tulisimama, nikasikia vyuma vinagongana, watu wanashuka, wanapanda. Nikacheka kimoyomoyo: kwaheri Numbi, nisalimie watu wa Kamina.

Treni ikaondoka. Nikaendelea kusoma.

Baada ya muda akaja mkagua tiketi. Akaiangalia yangu mbele na nyuma, akaniita baba kwa lugha ya huku.

"Tata, hii ni ya Lubumbashi."

"Si ndiyo tunaenda?"

"Lubumbashi mumeachana pa Tenke. Huku ni Kamina."

Nikambishia! Nikamwambia mimi ni mpwa wa fulani wa breki, mbele ni Lubumbashi. Yule mzee akacheka mpaka akashika kiti.

"Mujomba wako si alienda pension mwaka jana? Toka kipindi ya mvua banageuza. Sasa nyuma njo Lubumbashi. Haukusoma kibao?"

Behewa zima likaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kuku wawili mapajani akanipa pole: "Mutoto ya batu, usilie. Kamina kuko muzuri, twende tu."

Nikashuka stesheni iliyofuata. Treni ya kurudi ni Jumatatu. Nikalala barazani kwa mkuu wa stesheni, na Jumapili alfajiri nikaanza kutembea juu ya reli kurudi Tenke, sanduku kichwani.

Tenke nikapata lori la makaa linalokwenda Lubumbashi. Nikakaa juu ya magunia. Lile lori lilipasuka tairi mara mbili, na muda wote ule sikuwa na la kufanya ila kusoma daftari la Numbi.

Jumatatu asubuhi, mji unaanza kuonekana, nikafika ukurasa wa mwisho.

Chini kabisa, kwa penseli, kulikuwa na maneno haya:

"Kitenge. Wagon yako iko na kibao ya Kamina. Ya mi ni ya Lubumbashi. Kama unasoma hii mbele ya Tenke, kuya, nakuchungia kiti."

Kwa Kiswahili chenu: kama unasoma hii kabla ya Tenke, njoo, nakutunzia kiti. Wakuu, nilitamani gunia linifunike.

Nilifika saa nne kasoro, mweusi kuanzia nywele mpaka viatu. Abacost niliyovaa juu ya lori ili nisipoteze muda ilikuwa haijulikani rangi. Nilikuta maprofesa hawajaondoka. Mkubwa wao akavua miwani.

"Citoyen, unatoka mu mugodi?"

Wakacheka, lakini wakanisikiliza. Na swali la kwanza likawa nini? Joto! Nilijibu kama maji. Nilitoka mle ndani najua sijawahi kufanya mtihani vizuri namna ile.

Saa kumi jioni karatasi ikabandikwa. Wa kwanza Numbi. Wa pili mimi.

Bourse moja.

Nikamkuta amekaa kwenye ngazi, ametulia tuli. Nikamtupia daftari lake.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuambia. Niliandika."

"Ku mwisho ya kaye!"

"Sasa? Weye ulikuwa mwizi siku ile, Kitenge. Vile ulinituma nyuma, nikasoma kibao, nikakujua. Mwizi anafunguaka kaye ku mwisho, anatafuta majibu. Njo nikaandika kule. Mi nilijua namna gani utasoma sawa mutu ya haki?"

Nikamuuliza kingine: nani aliwaambia maprofesa wanisubiri?

"Mi. Niliwaambia mwenzetu njia imemupotea, bakuweke wa mwisho."

"Juu ya nini?"

"Nilitaka nikushinde ukiwa pale."

Akanirudishia daftari. Akasema nibaki nalo, nimelisoma kuliko yeye.

Nilienda bombani kunawa, nikalia. Nilijidanganya ni vumbi la makaa machoni. Hayakuwa makaa. Ningemwacha binti wa watu palepale alipokaa, mbele yangu, tungekwenda Kamina wote. Na ningesoma kibao tu, ningefika Lubumbashi nimelala, nimeoga, na labda jina langu lingekuwa juu. Sitajua mpaka naingia kaburini, na hiyo bado inauma.

Kolwezi baba alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia nilipotea njia, sikusema mengine.

"Reli haikataki kona," akasema. "Weye ulipotea namna gani?"

Kesho yake nikapakia magunia.

Sikufa wakuu. Lori moja likazaa la pili, la pili likazaa mengine. Numbi akawa injinia, akarudi huku huku migodini, na miaka mingi malori yangu yalipita mbele ya ofisi yake. Kila akiniona alikuwa anauliza swali lile lile, mbele ya watu, bila kucheka:

"Tata Kitenge, leo umesoma kibao?"

Mafunzo? Ukimchimbia mtu shimo, kwanza hakikisha wewe mwenyewe hujasimama ndani. Na ujuzi wa kuachiwa na mjomba una siku zake, usiupande kama treni.

Juzi mjukuu wangu wa kike kaitwa kushindania bourse kama ile ile. Nikamtolea lile daftari, karatasi zimekuwa za njano. Nikamwambia humu kuna joto lote utakaloulizwa.

Hakugusa ukurasa wa kwanza. Aligeuza moja kwa moja mwisho, akasoma ile penseli, akamwinulia babu yake macho.

"Nkambo, haukuanziaka huku?"

Huyo bourse anapata.

Haya, uwanja wenu. Nani mbaya zaidi hapa, mimi au Numbi? Nipigeni mawe taratibu, mgongo nao umeshakuwa wa baba. Na mkiona mtu hapa chini kaandika mstari mmoja tu, kuniuliza habari za kibao, mpisheni. Ni mwenyewe.