Baba Mdogo Telesphor Ahamisha Usukani

Kabla ya mwaka 1975, watu wa Mpanda mjini walimjua baba mdogo Telesphor kwa sufuria. Sufuria ikitoboka, kwake. Baiskeli ikikatika fremu, kwake. Alitoka Mpimbwe kwenye mashamba ya mpunga, akajifunza kuchomelea vyuma kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mgodini, na jembe hakulishika tena. Jambo hilo mama mkwe wake, Mama Natalia, hakumsamehe.

Mimi nilikuwa nakaa kwake ili nisome, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu.

Mwaka huo Seleman, mwenye duka la vitenge, alinunua gari la Kimarekani huko Zaire. Mustangi! Jekundu, milango miwili, na injini ya silinda nane inayonguruma mpaka kuku wanaacha kula. Lilivushwa ziwa, wavuvi wa Kapalamsenga wakalisukuma kulitoa mchangani. Seleman alitaka kubebea abiria wa treni, ila usukani ulikuwa kushoto, kama magari yote ya ng'ambo ile. Afande Manyanda wa trafiki akamkatalia.

"Uhamishie kulia, nilikague Ijumaa. La sivyo hubebi hata mbuzi."

Mafundi wa magari walitazama, wakatikisa vichwa. Baba mdogo akajitokeza mbele ya watu. "Watu wanahama na vitanda vyao, usukani ndio ushindwe kuhama?"

Mama Natalia, aliyekuja kututembelea, alizisikia habari hizo. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Kwa hiyo ingawa baba mdogo alikuwa palepale uani, amewapa mgongo, mama mkwe alimwambia binti yake:

"Eufrazia, mwambie mwenzio, gari hilo likimshinda, Jumamosi nakuchukua turudi nyumbani. Sikukuza binti aje ale kutu."

Mama mdogo Eufrazia akageuka. "Anasema likikushinda, ananichukua."

"Mwambie nimesikia. Na mwambie atalipanda."

Alisema kwa sauti kubwa, akaenda kuchukua spana zake.

Basi kazi ikaanza. Alifungua dashibodi, akasogeza pedeli kwa fimbo za chuma. Usukani, ambao sasa ulikuwa kulia, akauunganisha na mhimili wake wa zamani kwa magurudumu mawili ya meno yaliyotoka kwenye winchi mbovu ya mgodini, kila moja pana kama sinia. Ukizungusha moja, linalisukuma la pili. Niliona ni ajabu tupu.

Alhamisi asubuhi akaliingiza barabarani, umati nyuma yake. Karibu na soko, Makoye, mzee wa Kisukuma, alikuwa ameanika makopa ya muhogo upande wa kushoto.

"Kulia, Telesphor! Kata kulia!"

"Si ndiyo nakata kulia!"

"Sasa mbona unakuja kwangu?"

Gari likapanda mkeka, makopa yakaruka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. "Fundi sufuria! Rudi kwenye sufuria zako!"

Akirudisha usukani kushoto, gari linakwenda kulia. Hakujua kwa nini, na mimi vilevile.

Tuliporudi, Mama Natalia alikuwa anafunga mzigo. "Eufrazia, mwambie mwenzio namtakia heri na sufuria zake."

Mama mdogo, machozi yakimlenga, akamgeukia mumewe. "Anakutakia heri."

"Mwambie asubiri mpaka kesho."

Akamgeukia mama yake. "Anasema usubiri mpaka kesho."

Baba mdogo akamkodolea macho mke wake. Kisha akainua ngumi mbili, akazigusanisha, akazizungusha. Moja ilikwenda huku, nyingine kule. Akanivuta mkono, akauweka katikati ya ngumi zake.

"Magurudumu yanazungushana kinyume! Yanataka wa katikati, kama Eufrazia! Huyu anapokea, anageuza, na yule wa mwisho anafuata alivyosema wa kwanza!"

Akakimbilia kwenye winchi. Masinia akayatupa, akachukua magurudumu matatu madogo, ya ukubwa wa sahani, akayafunga kwa mstari.

Ijumaa Afande Manyanda alipanga mapipa uwanjani. Baba mdogo akazungusha kulia, gari likaenda kulia. Kushoto, kushoto. Alipita katikati ya mapipa yote bila kuligusa hata moja. Afande akaomba aendeshe yeye mwenyewe, akazunguka mara mbili, na aliposhuka alikuwa anacheka kama mtoto. "Limepita!"

Vigelegele! Seleman alimbeba baba mdogo mabegani, na mafundi wa magari wakaja kumshika mkono.

Mama Natalia aliufungua mzigo wake. Alijifunga kitenge kipya, akapanda kiti cha nyuma, akamketisha binti yake mbele. Injini ikanguruma.

"Eufrazia," akasema, "mwambie dereva apite kwa Makoye."

Makoye alipoliona linakuja, alianza kukunja mkeka wake mbio. Safari hii gari lilipita mbali naye, na mama mkwe akampungia mkono.