Kufahamiana

Majina ya wakubwa hawa wa elimu yote ninayo, na ya baba zao, lakini sitayaandika hapa. Naonea uchungu wino.

Mjukuu wangu niliachiwa na mama yake, ambaye yuko kijijini Mamba analima mpunga. Mtoto alikuwa amefikisha umri wa darasa la kwanza. Hapa Shanwe shule binafsi tumepakana nayo uzio, kengele yao ndiyo inatuamsha. Ile ya serikali iko ng'ambo ya lami, kule malori yanapita kama yanafukuzwa. Ada baba yake alishaitafuta. Nilichotaka mimi ni mtoto asivuke lami.

Redioni nilikuwa nimesikia kwamba serikali imekataza kuwafanyia usaili watoto wa darasa la kwanza. Kwa hiyo nilipoitwa niende naye mbele ya mwalimu mkuu, nikauliza, huu si usaili huu?

"Hapana, bibi. Hapa hatufanyi usaili. Hii tunaita kufahamiana."

Kufahamiana gani, wao watatu mezani na mtoto mmoja kwenye kigoda? Wakamuuliza rangi kwa Kiingereza. Akanitazama mimi. Wakamuuliza tena Kiingereza kilekile, polepole, kama wanaongea na kiziwi. Kisha wakanigeukia mimi: nimesoma mpaka wapi, na nani atamsaidia kazi za nyumbani?

"Darasa la pili," nikasema. "Na wewe mwalimu mkuu, tufahamiane. Bibi yako wa Karema, yule aliyekuwa anaanika dagaa, yeye alikusaidia kazi zipi?"

Mwalimu wa pembeni akakohoa kwenye kiganja. Mkuu akasema tutapigiwa simu.

Hatukupigiwa. Nikaenda kwa afisa elimu. Huyo hasira ilimpanda haraka, na nadhani anajipenda akiwa nayo. Akapiga simu mbele yangu: "Nyie hamjui usaili ni marufuku? Serikali haichezewi." Akakata, akaniambia nirudi, mambo yamekwisha. Mezani kwake palikuwa na picha ya mwanawe amevaa sweta ya shule ileile. Huyo walimfahamu mara moja.

Nikarudi. Mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima, hata akasimama.

"Bibi, tumeitii serikali. Kufahamiana tumeacha. Ila tumejaa."

Basi. Mmoja anaamuru kwenye simu na mguu wake haufiki getini. Mwingine anataka aachiwe uhuru wa kuchagua, na anachochagua ni watoto wanaojua tayari kile anacholipwa kuwafundisha. Mimi sikatai shule ichukue wale inaowamudu, na serikali iangalie shule isichague kwa dharau. Lakini kazi hiyo inataka watu wazima, na sisi tuna hawa.

Mtoto akaenda shule ya serikali. Huko hawakuuliza kitu. Wanapokea kila anayekuja, ndiyo amri, na watoto wamekaa sakafuni mpaka mlangoni. Lami namvusha mwenyewe, kwenda na kurudi, na magoti haya.

Ijumaa nikamuuliza, mwalimu anakuitaje?

"Ananiita wewe wa dirishani. Bibi, huyu yeye hataki kufahamiana?"

Jumatatu sikuishia getini. Niliingia naye mpaka darasani, nikamtajia mwalimu jina la mtoto, la baba yake na la babu yake, polepole, kama naongea na kiziwi.