Udi wa Wageni

Jana jirani alichoma udi. Harufu ilipopenya chini ya mlango wangu nikajikuta mdogo tena, nimekaa kiti cha nyuma cha gari, kule ughaibuni, mtaani kwetu Riverdale, na miti ya cheri imechanua mtaa mzima.

Tangu baba afariki, nyumba ilimshinda mama, ikabidi iuzwe. Ili nyumba iwavutie wanunuzi, dalali, mwanamke mwenye sauti laini, aliondoa picha zetu ukutani, akaviringisha mikeka, akaweka mezani bakuli la ndimu tusizoruhusiwa kuzigusa. Mama alivumilia yote. Lakini asubuhi ile aliambiwa watu wanakuja kuiona nyumba, naye akafanya kama siku zote wageni wakija: akawasha chetezo, akafukiza chumba kwa chumba, hadi mapazia.

Dalali alipoingia tu alikimbilia madirisha. Akaniambia kwa Kiingereza, "Mwambie mama yako nyumba isinukie kitu. Halafu mtoke. Wanunuzi hawapendi kumkuta mwenyewe."

Nilimtazama mama, na chetezo chake mkononi. Nimwambieje?

"Mama, twende garini," nikasema.

Tukakaa ng'ambo ya barabara, mama amekipakata chetezo kwenye kanga. Watu wakaanza kuingia, wawili wawili, na viatu vyao miguuni.

"Hata hodi hawapigi," mama akasema.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa tena. Mama akasogea karibu na kioo cha gari, akasema taratibu, kama anayeogopa kusikika:

"Karibuni. Karibuni ndani."