K Nne za Televisheni

Mke wangu magoti yamemkataa. Kilima cha Lubaga hapandi tena, na binti yetu anaimba kwaya kule juu kanisani. Misa ya Jumapili huonyeshwa moja kwa moja, basi mama yake anakaa kitandani, hapa mtaani kwetu Namuwongo, anamtafuta mtoto wake kwenye televisheni yetu ya zamani, ile yenye kisogo kirefu. Kwaya nzima ilikuwa kama uji uliomwagika.

"Yupi wangu?" ananiuliza.

Mimi ni Mwislamu, misa nimeizoea kwa sababu ya ndoa. Nabahatisha tu: "Yule wa kushoto."

"Huyo ni mwanamume! Hivi nitamwona tena akiimba, au nimsikie tu kama redio?"

Hilo liliniuma. Nikaenda madukani Nakivubo. Mwenye duka alikuwa mama Mkenya, nikashukuru, maana Kiingereza changu ni cha amri tu: simama, geuka, tembea. Kiswahili nilikipata kambini jeshini, shule niliiacha mapema.

"Hii ni foo K, mzee," akasema.

K nne! Jeshini K ni kilomita. Ukiambiwa zimebaki K nne, unakaza kamba za buti na kunyamaza. Nikawaza: picha inayoonekana kutoka K nne, mtu wa kitandani itamshinda vipi?

"Nipe hii," nikasema. "Hata jirani ng'ambo ya reli ataona."

Mama alicheka mpaka akakalia katoni. "Mzee, ulikuwa jeshi?"

"Umejuaje?"

"Nani mwingine anapima TV kwa miguu? K hapa ni elfu. Ni vitone vya picha. Vikiwa vingi, picha inakuwa laini."

Nikamweleza kitanda kiko wapi, na ukuta wetu unabeba televisheni ndogo tu. Akawasha mbili ndogo, ile ya K nne na ya Full HD yenye vitone vichache, picha ileile. "Rudi nyuma mpaka kitandani kwako."

Nikarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Zilifanana kabisa. Nikasogea mpaka pua ikaribie kioo, ndipo nikaona tofauti.

"Na hiyo misa yenyewe hairushwi na vitone vyote hivyo," akasema. "Chukua Full HD, halafu sogeza kitanda karibu nayo."

Nilifikiri ananidharau, ameona koti langu lililochakaa. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaona. Nikachukua.

Kitanda nilikisogeza mpaka kikaziba kabati. Sasa shati nalitoa kwa kuingiza mkono kama mwizi. Jumapili kwaya ikaanza. Safari hii mke wangu hakuniuliza kitu. Aliinama, akaweka kidole kwenye kioo.

"Huyu."

Akasogeza uso karibu zaidi.

"Amekonda. Tazama shingo. Kwenye simu kila siku ananiambia yuko salama. Mpigie aje ale."

"Sasa hivi? Si unamwona anaimba?"

"Basi ikiisha."

Nikakaa na simu mkononi, mimi Mwislamu, namngoja padri amalize.