Kiganja Kizima cha Mbolea

Mama Mkubwa walimwita Mama Mavi, na wewe usicheke, maana waliocheka zamani ndio waliokuja kupiga hodi kwake wakiomba debe la mahindi. Alikuwa mke wa kaka yake baba yangu. Kila asubuhi alipita barabarani na ndoo na koleo bovu, anazoa kinyesi nyuma ya ng'ombe wa watu. Wahuni wakimzomea, aliwajibu bila kuinua uso kwamba mavi hayo watakuja kuyala wenyewe yakishakuwa mahindi. Na waliyala.

Shamba lenyewe alilipata kwa dharau. Babu alipofariki, baba yangu alijichukulia bondeni kwenye udongo mweusi, akamwachia kaka yake kilima cha mawe mekundu ambako hata magugu yaliota kwa shida. Baba Mkubwa, mtu mpole hadi kero, alikubali, akaugua, akafa. Mjane akabaki na kilima. Miaka kumi na miwili alikipiga kile kilima kwa sululu mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Alichimba mifereji kukinga maji ya mteremko, akafukia samadi, mabua, majani, majivu. Kwenye kila shimo alitia mbolea ya kupandia, kizibo kimoja cha soda, akaifunika kwa udongo, ndipo akaweka mbegu. Ile nyeupe ya kukuzia aliileta baadaye kabisa, mahindi yakishafika magotini, kizibo tena, pembeni ya shina. Nayajua haya kwa sababu alinifundisha mwenyewe, nilipoachika na kurudi kwa baba na nguo zangu kwenye kiroba. Watu wote waliniuliza nilimfanya nini mume wangu hadi akanifukuza. Yeye hakuuliza.

Huku bondeni baba alikuwa anaua ardhi. Kila mwaka alivuna, akachoma mabua, asirudishe kitu. Udongo mweusi ukapauka, mahindi yakatoa magunzi ya kuchezea watoto. Baba yangu alikuwa mtu wa kupiga. Alimpiga mama hadi mama akaondoka, alinipiga mimi na miaka yangu ishirini na saba, alipiga mbuzi, alipiga mlango. Nadhani aliamini hata shamba lingeshtuka likipigwa. Halikushtuka. Basi akainua macho, akakiona kilima kilivyonawiri.

Aliingia asubuhi, wiki moja kabla ya mvua, na maksai wa jirani na wanaume wawili. Alisema ardhi ni ya ukoo na mjane ni mgeni. Mama Mkubwa akasimama mbele ya maksai. Mwenye maksai alisita, baba hakusita. Alimchapa shemeji yake ubavuni kwa mpini wa jembe, na mimi niliyekuwa kando ya mfereji nilisikia mfupa ukivunjika. Mama Mkubwa alianguka, akaushika uma wake wa samadi, akamchoma baba mguuni hadi jino moja la chuma likatokea upande wa pili. Walitenganishwa wote wawili wanavuja damu, na kufika jioni baba alikuwa amekilima kilima chote. Mwenyekiti wa kijiji, ndumilakuwili yule, akaamua kwamba aliyekwisha kulima apande, avune, halafu kesi itasikilizwa. Yaani mwizi ale kwanza, ndipo aulizwe. Nilitema mate.

Baba alichechemea hadi dukani, akarudi na mfuko wa mbolea ya kukuzia. Aliwahi kumchungulia Mama Mkubwa akitia kitu cheupe shambani, akaamini siri yote ni hiyo. Samadi ya miaka kumi na miwili hakuiona, au aliona ni uchafu tu. Alinipa ndoo, akaniambia kila shimo kiganja kizima, mbegu juu yake, maana vizibo ni vipimo vya wanawake waoga. Lakini mbolea ile ikigusana na mbegu huiunguza hata kabla haijachipua. Neno moja tu lilitosha. Sikulisema. Ndiyo, niliogopa kofi, lakini nisijitakase: nilitaka aumbuke. Nilitaka asimame mbele ya watu wote na shamba tupu, halafu kilima kirudi kwa mwenyewe. Nikatia kiganja kizima, shimo baada ya shimo, na moyoni nilikuwa nacheka.

Siku ya kumi baada ya mvua kuanza, mashamba ya watu yalikuwa ya kijani. Kilima kilikuwa uchi. Baba alifukua kwa vidole, akakuta mbegu zimeoza, nyeusi, zinanuka kama mkojo. Mimi nikasubiri aone haya. Kumbe mtu kama baba hana haya, ana hasira tu. Alisema amerogwa, na anayemroga anajulikana. Alilisema hilo kilabuni kwa sauti, na kufika adhuhuri alikuwa na wanaume wanane, mwenye maksai akiwemo, panga, na dumu la mafuta ya taa. Hapo kicheko kikaniishia. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, na sasa lilikuwa linapelekwa mlangoni kwa mwenzangu.

Nilikimbia nyuma yao. Mama Mkubwa alikuwa uani, ubavu umefungwa kitambaa, anageuza lundo la samadi. Baba hakumsalimia. Alishusha panga; yeye akainua mkono wa kushoto kujikinga. Vidole vitatu vilianguka kwenye samadi. Mama Mkubwa alirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akaishika sululu kwa mkono wa kulia, akawaambia yeyote atakayetangulia kuingia atatolewa humo kwa machela. Mmoja wao alikuwa tayari anaumwagia ukuta mafuta ya taa, na mwingine anapapasa mifuko akitafuta kiberiti.

Nikapita katikati yao, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, "Hakuna uchawi hapa. Mbegu nimeziunguza mimi. Ile ni mbolea ya kukuzia, baba, na nilijua tangu shimo la kwanza."

Mwenye maksai, mkulima naye na si mjinga, akaniuliza nilitia kiasi gani. Nikamwonyesha kiganja. Akashika kichwa. Baba akanigeukia. Bapa la panga lilinipata mgongoni mara mbili. Mara ya tatu yangekuwa makali, lakini mwenye maksai alimrukia, wakaanguka, na wale wale waliokuja kuchoma mtu wakaanza kumpiga baba mateke kwa bidii ile ile. Ndivyo watu walivyo, ukiwapa sababu hawaulizi ya nani. Polisi walimkuta hana meno ya mbele. Alifungwa, na kilima kikarudi kwa mwenyewe, kama nilivyotaka.

Nilimfuata Mama Mkubwa zahanati, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza yote, hata kile kicheko. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanizaba kofi kwa mkono mzima, nikaona nyota.

"Ungeniambia mimi," akasema. "Ningemwendea mwenyewe nimkataze, hata kama ni mwizi. Mbegu ilikuwa na kosa gani? Mlikuwa mnapigana wewe na baba yako, nikakatwa mimi."

Nililia, naye akaniacha nilie. Nilipomaliza alisema mvua bado zipo, tutapanda katikati ya mistari, ambako udongo haujaungua. Siku ya tatu tulikuwa kilimani, mimi na jembe, yeye na bandeji inayovuja. Hakunisemesha tangu asubuhi. Nilichimba mashimo hadi nikafika alipokaa na mfuko wa mbegu. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi mgumu, akawa anahangaika nao, anausaidia mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, na ule wa kushoto haukuwa na cha kushikia. Nikaweka jembe chini, nikamwendea nimfungulie. Akanipiga teke la muundi. Akaufungua kwa meno.